Wimbo wa mke wangu ulikatazwa kwa sababu ya simu ya Keji

Wakuu, nawasalimu wote kutoka Gudele, Juba, wadogo kwa wakubwa. Haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu. Nimeyaona kwa macho yangu mawili, na hata lile lenye mtoto wa jicho siku hiyo lilikuwa linaona vizuri.

Nianze na jino.

Tulipokuwa kambi ya wakimbizi Uganda, upande wa Adjumani, jino la nyuma liliniuma mpaka shavu likajaa kama nimeficha kiazi. Nikaenda kliniki, foleni ndefu. Pembeni palikuwa na kibanda cha video, ukuta wa turubai, jenereta inapiga kelele nje. Nikasema ngoja nikae humo nisahau maumivu.

Ndani kulikuwa na jamaa mwenye maiki. Filamu inaongea Kichina, yeye anaigeuza Kiganda na Kiswahili, na mengine anatia ya kwake. Akitokea mtu mwenye upanga, jamaa anapaza sauti, "Huyu ni Drani wa bloku yetu, anamtafuta aliyemla kuku wake!"

Watu wanaanguka. Mimi nacheka huku nimeshika shavu.

Nilipotoka, kliniki imefungwa. Jino liling'oka baadaye lenyewe. Lakini ugonjwa wa filamu ndio ulinipata pale, na huo haujang'oka mpaka leo.

(Shule niliacha darasa la pili, vita vikaja. Kusoma nimejifunzia kwenye magunia ya sokoni na vitabu vya nyimbo. Mkiona herufi imepotea, msihangaike kuitafuta.)

Sasa tuje Juba.

Kanisani kwetu walifungua darasa la muziki, kila Jumamosi mchana, kwa yeyote anayetaka. Mimi na mvi zangu nikajiandikisha. Vijana wakacheka, nikawaambia mimi ndiye nitakaa mbele kwa sababu sisikii vizuri.

Mwalimu alikuwa Mkenya, Simiyu. Kazi yake ni hotelini, sisi alitufundisha bure. Shati limepigwa pasi siku zote, hata vumbi la Gudele lilikuwa linamheshimu. Alikuwa ananishika vidole kimoja kimoja ananiwekea juu ya kinanda, na siku hata moja hakunicheka. Hilo nalisema mapema mjue, maana mbele huko mtu anaweza kumwona mbaya.

Akatuambia, "Mwisho wa mwaka kila mmoja atatoa wimbo wake, na darasa lote tutauimba mbele ya kanisa. Lakini uwe wako. Utoke kwako."

Mimi wimbo wangu nilishaujua ni wa nani. Ni wa Poni, mke wangu. Poni alifia kule kambini, kaburi lake liko kule. Siku tunarudi Juba alikuwa ndiye mtu peke yake ambaye hakupanda gari. Watoto wananiuliza lini tutamleta mama. Nikasema basi nitamleta kwa wimbo, watu wa kwao wamsikie akiitwa.

Maneno yalikuja haraka. Sauti ndiyo ilikataa kuja.

Na hapa ndipo intaneti inapoingia, wakuu. Mwanangu alininunulia simu kubwa na kuniwekea bando, akaniambia nitafute mafunzo ya do re mi humo. Wallahi nilitafuta! Ninafungua do re mi, chini yake kuna mtu anapigana na mamba. Mamba akimaliza, kuna mwanamke anapika samaki mkubwa kuliko mtoto. Nikimaliza samaki, kuna filamu. Bando linakwisha, do yenyewe sijaigusa.

Vijana wa shule nawaonea huruma. Mimi mzee mzima sina mtihani na bado ile kitu ilinishika shati.

Ila siwezi kuitukana, kwa sababu humo ndimo nilimoipata ile sauti. Filamu ya nchi za mbali, lugha siijui hata salamu yake. Mama mmoja anakunja koti la mume wake, analiweka mezani, analikunjua, analikunja tena. Nyuma kuna filimbi inalia. Nikalia na mimi, chai ikapoa.

Asubuhi ile filimbi ilikuwa bado kichwani. Nikajaribu kuweka maneno yangu juu yake, yakakaa kama yamepimwa na fundi:

Poni, funga mzigo, mto umepungua,
Tuvuke, Poni, watoto wako nyumbani.

Nikaupeleka darasani. Nikaimba. Keji, mama mmoja anauza chai pale soko la Custom na ni mwanafunzi mwenzetu, akafuta macho kwa kitenge. Vijana wakaingia kuitikia bila kuambiwa. Mwalimu akaacha kinanda, akanisikiliza tu.

"Mzee, huu ndio tutaanza nao," akasema.

Wakuu, nilirudi nyumbani nikiwa kijana.

Jumamosi iliyofuata Keji akaja na jambo jipya. Kwenye simu yake kuna kitu, ukikiimbia wimbo, hata ukiwa umefumba mdomo, kinakuambia wimbo ni wa nani. Watu wakawa wanaimba na kucheka, simu inajibu. Kwa mchezo tu Keji akauimba ule wa Poni.

Simu ikafikiri. Ikaleta picha ya yule mama na koti lake.

"Aii! Mzee, wewe iko na siri!" Keji akacheka. "Mke wako ameolewa ng'ambo!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Mwalimu hakucheka.

"Mzee, uliuchukua?"

"Niliuchukua. Kwenye filamu. Maneno ni yangu, Poni ni wangu, ile filimbi ni yao."

"Basi hatuuimbi."

"Ustaz, maleesh," Keji akasema, uso umeshuka. Huku kwetu ustaz ndiyo mwalimu, na maleesh ni samahani. "Msamehe. Mimi nilikuwa nacheza tu."

"Si kusamehe, mama Keji. Wacha niseme ukweli, huo ni wizi wa kistaarabu. Kanisani hatuwezi."

Nikamwambia, "Mwalimu, nitasimama mbele ya watu wote niseme nimeitoa wapi. Sifichi. Kama nimeazima jembe la jirani, shamba si bado ni langu?"

Akatikisa kichwa. Sikuomba tena. Nilimfikiria Poni amekaa juu ya mzigo wake, gari limeondoka mara ya pili.

Nadhani aliniona uso. Akavuta kiti, akasema kwa upole, "Sikiliza, mzee. Nikuonyeshe wimbo unavyotoka ndani ya mtu. Huu niliutunga nikiwa kijana, wa mama yangu."

Akapiga. Ni wimbo mzuri, sijui kudanganya.

Simu ya Keji ilikuwa bado mezani, inasikiliza.

Ikawaka. Ikaleta picha ya wazungu wenye suruali pana, wa zamani sana. Halafu ikaanza kupiga yenyewe, ule ule, mpaka pale panapopanda.

Hapa nisimame kidogo, wakuu, niseme langu. Mimi namwamini yule mwalimu. Naamini alidhani ni wake. Wimbo unaingia kwa sikio la mtoto, redio iko jikoni, mama anaufuatisha akikoroga ugali, unalala humo miaka. Ukiamka unauita mtoto wako. Ninachojua sasa ni kwamba kuchukua tunachukua wote, basi anayejua alipochukua aseme, na asiyejua asihukumu haraka. Nyinyi mnaotunga na kuandika humu, mnasemaje? Mnajuaje kitu ni chenu? Nijibuni, nitasoma polepole.

Nimalizie.

Mwalimu aliisikiliza ile simu mpaka mwisho. Keji alitaka kuizima, akamwambia, "Acha."

Halafu akafunika kinanda kwa kitambaa chake, akakinyoosha vizuri. Akachukua mfuko wake. Nikamwambia, "Mwalimu, kaa. Khalas, yameisha."

Mlangoni akageuka. "Mzee, imbeni ule wa Poni. Useme ulikoutoa."

"Na wewe?"

"Natoka kidogo."

Tukasikia geti. Tukauanza wimbo polepole, ili tukifika mwisho awe amerudi. Ukaisha. Keji akasema turudie, tukarudia. Kanisani pia tumeshauimba, nikasema nilikoutoa, na watoto wa Poni walikuwa mstari wa mbele.

Yeye hajarudi.