Grafu Niliyoipeleka Kariakoo

Mzee aliyenifundisha reli alikuwa mkaguzi wa njia, mtu wa Lindi, mwenye nyundo ya mpini mrefu na dharau ya wazi kwa viatu vyangu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na utafiti wangu wa kupanga matengenezo ya reli kwa kompyuta, na maneno mengi ya kisomi. Kila asubuhi alitembea kipande chake, kuanzia Gerezani kuelekea Buguruni, akigonga boliti moja moja. Iliyokaza ilitoa mlio mmoja ukaisha. Iliyolegea iliacha nyuma mtetemo mwembamba, kama kijiko ndani ya kikombe. Nilijifanya nasikia tofauti. Alijua nadanganya, akacheka, akanirudisha nyuma nigonge upya mpaka nikaisikia kweli.

Nilimpenda yule mzee, niseme wazi. Baba yangu yuko Moshi, na kwenye simu hatujawahi kumaliza dakika tatu bila mmoja wetu kutafuta sababu ya kukata. Huyu alinisubiri na chapati.

Programu yangu ilihitaji kitu kimoja tu kutoka kwake: kila boliti iliyolegea aiingize kwenye simu tuliyompa. Kompyuta ingetuambia wapi panaharibika haraka, na genge la mafundi lingepelekwa huko badala ya kuzungushwa kwa mazoea. Alibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, akinung'unika, lakini hakuruka siku.

Mwaka wa kwanza boliti zilikuwa nyingi. Wa pili zikapungua. Kufikia masika, siku nyingine hakuingiza hata moja. Kwenye grafu mstari ulishuka vizuri mno, na mimi, badala ya kujiuliza, nikaupenda. Niliuonyesha kwa wakubwa ofisini Posta, nikasema kipande kile kimetulia, mpango unafanya kazi. Walipiga makofi. Genge likahamishiwa kwingine kwa ushauri wangu, na saini ni yangu.

Jumapili iliyofuata nikaichapisha ile grafu kwa rangi, nikampelekea Kariakoo. Alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili iliyobaki katikati ya maghorofa, upande wa Msimbazi. Nilimkuta uani amenipa mgongo, anafua. Nikasema shikamoo. Kimya. Nikasema tena, nikaanza kukasirika, maana mimi kupuuzwa siwezi. Mkewe akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mguse bega, mwanangu," akaninong'oneza. "Huu mwaka wa pili hasikii vizuri. Hataki watu wajue."

Nilibaki na karatasi mkononi. Mwaka wa pili. Nikakaa, nikanywa chai ambayo hata ladha yake sikuijua, nikaaga bila kumwonyesha chochote.

Jumatatu niliomba genge lirudi, nikaenda nalo. Nati ya boliti ya kwanza niliifungua kwa vidole. Ya nne pia. Fundi mmoja alinitazama, kisha akageuza uso, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Treni zikapunguzwa mwendo siku ile ile. Hakuna aliyeumia. Nilipowaeleza habari ya masikio, wakubwa wakaamua mzee asirudi njiani, wakataka kumpelekea barua. Nikasema hapana, nitamwambia mwenyewe. Nilidhani huo ndio utu.

Nilifika jioni. Tulikaa ukumbini, mkewe kwenye mkeka, mimi na mzee kwenye vigoda, milango ya wapangaji wenzake yote iko wazi kwa joto. Kabla sijafungua mdomo, alianza yeye. Alisema amekuwa akiningoja anipongeze. Miaka yote aliyoigonga ile reli haikuwahi kutulia namna hii. Anagonga, anagonga, hamna inayolalamika.

"Nilikudharau, injinia," akasema. "Nimemwambia mama hapa, kumbe yule binti na simu yake wameiponya reli."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia polepole, kwa sauti ya chini, kwa adabu, kwamba boliti zimelegea, kwamba ni masikio. Alinitazama midomo, akatabasamu.

"Unasema?"

Nikarudia. Akasogeza kigoda, akanielekezea sikio. Mkewe aliinamisha uso. Vyumbani mtu alizima redio, na aliyekuwa akisugua sufuria akaacha. Nilitazama karatasi na kalamu ndani ya begi langu, nikakumbuka kwamba kusoma aliniambia alisoma kidogo tu, na macho sasa hayamsaidii. Basi nikapaza sauti. Nikampigia kelele mzee wa watu, nyumba nzima inasikia, kwamba reli haijapona, kwamba yeye ndiye hasikii, kwamba kesho asiende kazini.

Aliweka mikono juu ya magoti.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Na wao wamesikia."