Sakafu ya Senge

Sakafu ile niliipaka mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka sita sikulisema.

Senge, yaani dada ya baba yangu, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Khwisero asubuhi, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Askari walikuja wakachukua mwili. Mmoja akatuambia, "Msiguse kitu, wapelelezi wanakuja."

Tukaitikia ndiyo afande. Lakini waombolezaji walikuwa njiani, na kwetu watu hawaji kukaa matanga kwenye sakafu chafu, hiyo ni aibu ya wanawake wa boma. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Nikafagia, nikaleta ndoo ya mavi ya ng'ombe, nikaanza kupaka kutoka ukutani kuelekea mlangoni.

Mlangoni kulikuwa na alama ya gambuti, mguu wa kulia, imejichora kwenye udongo uliolowa. Kisigino kilikuwa kimekatika kona. Niliiona vizuri kabisa. Jamani, niliitazama nikawaza tu kwamba mtu ameniingilia na matope! Nikaipaka.

Wapelelezi walifika saa tisa. Mkubwa wao alisimama mlangoni, akashika kiuno.

"Nani amefanya hii kazi?"

"Ni desturi yetu, afande," nikasema, kana kwamba desturi ndiyo iliyoshika ndoo.

Walimkamata jirani wa ng'ambo ya ua, kwa vile aliwahi kugombana na Senge juu ya mpaka. Baada ya wiki mbili wakamwachilia. Hakukuwa na ushahidi. Akarudi kwake, na faili likabaki kituoni. Mimi hufanya kazi Kakamega mjini, kwa hivyo kila nikipata likizo fupi napita kuuliza. Najibiwa kwamba uchunguzi unaendelea. Mwongo ni mimi au wao, sijui.

Anayeumia ni binti ya Senge. Bado anaishi pale, na yule jirani humsalimu kila siku. Siku moja aliniambia, "Kama ni yeye, nataka nijue. Kama si yeye, basi namkosea mzee wa watu kila asubuhi." Nilikunywa chai yangu tu. Woga wangu ni wa kijinga, na unanichukiza hata sasa.

Desemba iliyopita nikamwambia. Tulikuwa tunachambua mboga nje. Nikaeleza kila kitu, gambuti, kona ya kisigino, ndoo. Nililia kidogo. Nilitarajia anitukane kwa ajili ya sakafu.

"Sakafu hata mimi ningeipaka," akasema. "Si tunapakanga? Lakini wiki ile gambuti za jirani zilikuwa pale mlangoni kwake, juani. Nilikuwa naziona nikienda kuteka maji. Ungeniambia, ningezigeuza tu nione kisigino."

Akaendelea kuchambua, majani mazuri yakianguka pamoja na mabovu.

Halafu jirani akapita kando ya ua. "Mulembe," akasema, na sisi tukaitikia, kama watu wenye adabu. Nilimtazama miguu. Alikuwa amevaa kandambili.