Kumwogesha Mama Mkwe

Kwetu, Kivu ya Kusini, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini ili mwenzake apite. Vijana wa hapa kambini, kambi ya wakimbizi, wanayacheka mambo haya. Mimi siyacheki. Kwa miaka mingi nilimjua mama wa mke wangu kwa kisogo tu, na kwa kisogo hicho ningemtambua katikati ya soko la Isingiro siku ya soko.

Mke wangu alifariki kwa homa mwaka wa tatu tangu tulipopewa kiwanja hapa kambini, upande wa Juru. Hatukuwa na mtoto. Yeye alikuwa binti pekee wa mama yake, na mama hakuwa na ndugu mwingine upande huu wa mpaka, basi tukabaki wawili: yeye kwenye nyumba yake ndogo ya udongo, mimi kwenye yangu, hatua kumi katikati. Watu walidhani ningeoa nihame. Ningehamia wapi? Mama mkwe alikuwa na sauti ileile ya mke wangu, na alipowasemesha kuku wake asubuhi niliacha kufunga viatu nikasikiliza. Mimi mwenyewe alinisemesha kupitia kuku haohao.

"Weye kuku, umuambie mwenye nyumba chumvi ilisha kuisha."

Nami nilimjibu kuku kwa adabu zote.

Msimu wa mvua uliopita aliteleza akitoka kuchuma maharage, akavunjika mfupa wa paja. Wanawake wa jirani ndio waliombeba. Mimi nilibeba jembe lake. Kituo cha afya kilituandikia kwenda hospitali ya Mbarara, na njia nzima, hadi Kaberebere na kuendelea, nilikaa mbele na dereva nikiwa nimempa mgonjwa wangu mgongo. Alilia kila gari lilipoingia shimoni, nami nikatazama barabara.

Wodini walimlaza, wakamfunga mguu kwa kamba yenye uzito uliovuta mfupa urudi mahali pake. Ilibidi alale hivyo wiki nyingi. Halafu nesi akanigeukia. Katika hospitali za huku nesi hutoa dawa na kufunga vidonda; kumlisha mgonjwa, kumfulia na kumwogesha ni kazi ya mtu aliyekuja naye.

"Wewe ndiyo atendanti yake? Basi osha yeye. Geuza yeye asubuhi, mchana na jioni. Huyu kaaka asilale namna moja tu."

Kaaka ni bibi kwa lugha yao. Nikamweleza kwamba huyu ni mama mkwe wangu. Nikamweleza tena, polepole zaidi, nikidhani hakunielewa.

"Nimesikia," akasema. "Maji ya moto iko kule."

Siku za mwanzo tuliokolewa na mama mmoja Mrundi aliyekuwa akimuuguza mama yake kitanda cha jirani. Aliwaogesha wazee wote wawili kwa zamu moja, nami nilisubiri nje kwenye benchi nikijiona mtu mwenye heshima zake. Kisha mama yake akaruhusiwa wakaenda zao. Wanawake wengine walikuwa na wagonjwa wao. Mmoja mmoja alitusaidia aliponihurumia, na siku nyingine hakuna aliyenihurumia.

Mama mkwe akatafuta dawa yake mwenyewe: akaacha kunywa. Mimi sikujua. Kila asubuhi niliacha uji na chai kando ya kitanda, nikatoka, nikirudi nakuta vikombe vitupu, moyo unatulia. Siku moja nilirudi mapema kuchukua kofia yangu nikamkuta bibi wa kitanda cha pili akimalizia chai yetu. Kumbe ndiyo maana yule bibi alikuwa ananawiri. Mgonjwa wangu midomo ilikuwa imepasuka. Hakutaka kunywa ili asihitaji kuwekewa beseni la choo, kwa kuwa wa kumwekea alikuwa mimi.

Siku hiyohiyo nesi alimwinua ili kumbadilishia shuka, akaniita nitazame, nitake nisitake. Chini ya kiuno ngozi ilikuwa imechimbika, pana kama kiganja, na harufu yake naijua mpaka leo. Daktari alisema mguu utaunga. Kidonda kile ndicho kitakachomuua, akasema, asipooshwa na kugeuzwa kila siku na asipokula.

Nilitoka nje nikalia, bila kujificha. Nilikuwa nimezika mke. Sasa nilikuwa namwacha mama yake aoze akiwa hai, na nilikuwa naita hiyo heshima.

Nikarudi na maji ya moto. Nikasimama upande wa miguu yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwita mwenyewe, bila kuku katikati.

"Mama, nimeleta maji."

Akageuzia uso ukutani. Maji yakaanza kupoa. Nilijua akikataa siwezi kumlazimisha, na kwamba akikataa nitarudi Juru peke yangu. Mwishowe akasema:

"Unifunike sura na kikwembe. Weye utafanya kazi, miye sitakuwa fasi hii."

Nikamfunika uso kwa kitenge chake, awe kama hayupo mahali pale. Sabuni ilianguka mara mbili. Nilianza na miguu, kwa uoga, na hapo nusura niangushe beseni lote. Ilikuwa miguu ya mke wangu. Kisigino kilekile kipana, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake vilevile. Miguu ile nilikuwa nimeizika, na sasa nilikuwa naikausha kwa taulo, imezeeka, na nikaona jinsi ambavyo mke wangu angekuja kuwa.

"Mbona umenyamaza?" sauti ikauliza chini ya kitenge. Sauti ileile.

"Naosha miguu, mama."

"Ni ya kwake. Alichukua kila kitu kwangu, hata ubishi."

Tukacheka wote wawili, na mgonjwa wa kitanda cha tatu akatushangaa.

Tangu siku hiyo alikunywa. Asubuhi nilimfunika, nikamwogesha, nikamgeuza, nesi akafunga kidonda, na wakati wote huo mama mkwe aliongea. Akiwa chini ya kitenge hakuwa na haya ya kitu. Alinisimulia habari za mke wangu tangu utotoni: alivyokula udongo wa ukutani, alivyompiga mwalimu wa shule ya Jumapili, alivyojificha bandani siku nilipokuja kuposa akawa anachungulia. Miaka yote ile sikujua kwamba alinichungulia. Nami nikamsimulia mambo ya bintiye ambayo yeye hakuyajua. Baada ya wiki chache kidonda kikaanza kufunga, na ikawa mchana, bila maji wala sabuni, ananiambia, "Funika, tuongee." Mama yangu mzazi nilimpoteza nikiwa mdogo. Pale wodini, kati ya dawa na mikojo, nilikuwa na mama.

Alipona. Niliomba apone na akapona, mguu na kidonda. Tulirudi Juru, majirani wakapiga vigelegele, mchungaji akanisifu mbele ya kanisa zima. Kesho yake asubuhi nikachemsha maji nikapeleka hadi mlangoni kwake. Alisimama na magongo yake, amenipa kisogo.

"Uache hapo chini," akasema. "Nitajiosha."

Nikaacha hapo chini. Hakuwa na kosa. Nguvu zilimrudia na heshima ikarudi pamoja nazo, kama inavyopaswa. Anatembea sasa, anapalilia maharage yake, na tukikutana njiani anaingia majanini taratibu na magongo yake ili nipite. Nami napita.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mchungaji. Asubuhi nyingine namsikia akikohoa kule ndani, kikohozi kizito, na kabla sijaogopa, nakumbuka kitenge, nafurahi.