Zahanati ya Watoto wa Miaka Saba

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa muuguzi Karatu, nikapewa kazi ya kuzunguka zahanati kukagua kama watoto wanaandikiwa dawa sawasawa. Nilijiona mjuzi. Nilikuwa na jedwali la umri na vidonge, pamoja na kalamu nyekundu, na aliyenibishia nilimkata kauli.

Zahanati moja upande wa Malambo niliisifia hadi wenzangu wakachoka kunisikiliza. Daftari lake halikuwa na kosa: kila umri na vidonge vyake. Nililitia saini. Niliporudi baada ya mwezi mmoja nikasoma safu ya umri peke yake, kutoka juu kwenda chini. Saba. Saba. Tena saba. Karibu ukurasa mzima ulikuwa wa watoto wa miaka saba.

Mganga wa pale, mzee mpole mwenye mwandiko mzuri, alinieleza bila wasiwasi. Kina mama wa wafugaji hawakuwa na kadi wala tarehe, na mizani ya kuning'iniza waliikataa katakata. Kwao kinachoning'inizwa ni mbuzi wa kuchunwa. Basi akaazima kipimo cha walimu wa darasa la kwanza. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, na akigusa sikio la upande wa pili, ana miaka saba. Lakini watoto wale walikuwa wembamba, mikono mirefu. Wengine waligusa wakiwa na minne tu. Wakapewa klorokwini, dawa ya malaria ambayo ikizidi husimamisha moyo, kwa kiasi cha mtoto mkubwa, nami nikaweka saini chini yake.

Nilitaka kumfokea, lakini ningeanzaje? Nikamuuliza nani yuko kwenye dozi sasa hivi. Akasema kuna binti mmoja aliyeanza jana, boma lao haliko mbali. Tukaenda kwa miguu, jua la saa sita likituchoma.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, binti mapajani. Nilimwinua, hakufikia hata uzito wa debe la mahindi. Shingo ililegea mkononi mwangu, mapigo ya moyo nikayapata kwa shida. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini.

Mama akasema maneno marefu kwa Kimaasai. Mganga akatazama chini. Nikamwambia atafsiri.

"Anasema mwezi uliopita kaka wa huyu binti alikunywa dawa hii, akalala hivi hivi. Hakuamka. Walidhani ni homa iliyomuua." Akameza mate. "Anauliza kama huyu ataamka."

Nikazichukua dawa zilizobaki, nikamfunga binti mgongoni mwangu kwa shuka ya mama yake, nikasema tunampeleka hospitali. Mama akanishika mkono, akarudia swali lake. Mganga alisimama akisubiri nimpe jibu la kutafsiri, nami nikakaza fundo la shuka kifuani, nikashika njia.