Asali ya Mama Ireri

Kwetu Imenti, ukienda kuposa bila asali, hata kiti utakikalia kwa wasiwasi. Mwanangu Mutwiri alikuwa amepata mchumba Laare, na siku ya kwenda kwao ilikuwa Jumamosi. Asali ya sokoni Gakoromone miaka ile ya tisini ilikuwa nusu sukari, na akina nyanya wa Laare wangeijua kwa ncha ya ulimi. Ndipo Jumatano nikaondoka Kanyakine kwenda Mbeere, kwa Mzee Nyaga, mfuga nyuki tuliyejuana katika mkutano wa injili. Mimi ni mzee wa kanisa, na kusema kweli nilikwenda nikijiona.

Saa nne asubuhi nilifika Chuka, nikapata lori la wafanyabiashara wa Ishiara. Kadiri tulivyoteremka migomba ilipungua na joto likazidi, mpaka nikavua koti. Mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili, na mtama ulikauka ukiwa umesimama. Kutoka Ishiara nilitembea saa nzima.

Mzee Nyaga alinipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa ananitambua kwa sauti.

"Baba Mutwiri, nyuki karibu zote zimehama," akasema. "Mzinga imebaki moja tu, huko bondeni. Na mimi siwezi panda tena. Utapanda wewe?"

Alasiri tuliteremka bondeni. Njiani alinieleza kwamba mti ule una mizinga miwili. Wake umechongwa mistari miwili kwenye mfuniko. Wa Mama Ireri, mjane jirani yake, mitatu. Mizinga ya huko haina mlinzi. Hukaa porini miaka na miaka, na mtu hagusi usio na alama yake.

Nilipanda na miaka yangu hamsini na suruali ya kanisani. Niliugonga mzinga wa mistari miwili, ukalia utupu. Ule wa mitatu ulikuwa mzito, unavuma.

"Umeona?" Mzee Nyaga aliuliza kutoka chini.

"Nimeuona."

"Iko na mistari ngapi?"

Nilitazama huku na huku. Bonde zima halikuwa na mtu.

"Miwili," nikasema. Neno lilitoka jepesi mno, na wepesi huo ndio unaonitisha hadi leo.

Tuliuteremsha kwa kamba, tukafukiza moshi, tukajaza kibuyu. Mzee alifunga mfuniko mwenyewe kwa kupapasa, nami nikaurudisha mzinga mtini. Jioni, kabla ya kula, alimshukuru Mungu kwa asali na kwa mgeni aliyemwazima macho. Nilitafuna githeri yake ya mahindi na maharagwe kama mtu anayetafuna kokoto.

Alhamisi asubuhi nilifunga kibuyu tayari kwa safari, lakini kuaga kukanishinda. Niliketi tena nikamwambia yote. Niliona aibu, aibu ya kweli.

"Najua," akasema. "Wakati nilikuwa nafunga, kidole ilipita kwa alama. Ikahesabu tatu."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuachia nafasi uongee na Mungu wako kwanza. Ungetoka kwa huo mlango bila kusema, ningesema mimi. Sasa beba hiyo kibuyu twende kwa mwenyewe."

Tulimkuta Mama Ireri akipepeta kunde. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nakiri nilitumaini kwamba ungamo langu lingemlainisha anigawie hata kikombe kimoja.

"Nimekusamehe, mzee," akasema. "Lakini asali siwezi kukupa. Hii ndiyo nitabadilisha na mahindi mpaka mvua inyeshe." Akanipa maji ya njiani, nikashika barabara mikono mitupu.

Jumamosi, tulipokaribia boma la wakwe huko Laare, ndugu yangu alininong'oneza niseme kibuyu kilipasukia kwenye lori. Nilisimama mbele ya wazee nikaeleza ilivyokuwa, mistari na yote. Baba wa msichana alitoka nje na wenzake. Waliporudi walisema mambo ya posa hayataanza bila asali, twende turudi baada ya mvua. Moyo uliniuma kwa ajili ya kijana wangu, kwa sababu msichana ni kama ugali wa moto, hakosi wa kumnyemelea.

Tulipofika Meru mjini, Mutwiri aliniuliza.

"Baba, si ungedanganya tu hii siku moja?"

"Hiyo siku moja nilishaitumia Mbeere," nikamjibu.

Waliturudisha nyumbani, lakini walitungojea. Mvua ziliponyesha tulipeleka asali, na msichana akawa mkaza mwanangu.

Zamani, kila nilipofungua ibada, nilimwomba Mungu aje mahali tulipo. Siku hizi siwezi kusema hivyo. Kule juu ya mti hakuna aliyemwita, naye alikuwapo.