Nilimnyima Mke Wangu Sala

Mkosaji ni mimi, wala sitafuti wa kusingizia. Jina langu naomba lisitajwe.

Baba yangu alikuwa katekista kule Munanila. Ukikosea neno moja la sala, unapigishwa magoti juu ya kokoto huku fimbo inatembea mgongoni. "Mungu anakuona!" anakwambia. Jamani, nilikua nikimwogopa huyo Mungu kama chui!

Nilipopata nyumba yangu mwenyewe, kijijini Nyakitonto, nikaapa sala haitaingia humo.

Mke wangu alilelewa vingine. Mama yake alikuwa akiwasalisha jioni huku wakichambua maharage, mdogo kabisa kalala mapajani. Kwake sala ilikuwa ni usingizi mtamu. Nami nilimkataza! Akawa anasali kwa siri, shambani, kama mwizi.

Mwaka uliofuata baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, akashikwa na homa kali. Dawa za zahanati hazikusaidia. Akaniita.

"Baba Anastazia, niitie katekista."

"Hapa kwangu haingii mtu wa sala!"

"Basi nisalie wewe. Hata Baba Yetu tu. Naogopa, mume wangu."

Maneno nilikuwa nayo yote, tangu la kwanza hadi la mwisho. Lakini nikahisi baba amesimama nyuma yangu na fimbo yake. Badala ya kusema naogopa na mimi, nikamkaripia: "Acha utoto, lala, utapona!"

Akageukia ukutani. Asubuhi alikuwa amekwisha kufa.

Ole wangu! Alikuwa akiomba kitu kidogo mno!

Binti yetu Anastazia alisikia yote. Bibi yake mzaa mama akaja kumchukua, akaenda naye Mabamba. Nilipomfuata, nilimkuta anapepeta mtama. Nikamwambia, "Mwanangu, twende nyumbani."

Hakuniangalia. "Mama alikuomba," alisema. Akaendelea kupepeta.

Siku hizi naingia kanisani, nakaa nyuma. Wenzangu wanaimba, nyuso zao zinalainika. Mimi kengele ikilia jasho linanitoka. Sipati kitu, ndugu zangu. Sipati!

Wazazi, msimchape mtoto kwa jina la Mungu. Nawe uliyechapwa, usimwadhibu kwa hilo mtu aliyelala kitandani anakufa. Kama huwezi kusali, nenda kamwite anayeweza. Nyumba ya katekista ilikuwa ya tatu kutoka kwangu.