Isale Nililompelekea Afisa wa Uhamiaji

Jamani, chekeni mnavyotaka, maana nyumbani kwangu walishacheka wakachoka. Mimi ndiye yule mama wa Mwika aliyesimamisha kiapo cha uraia mbele ya hakimu kwa jani moja tu, na mpaka leo nikiwa na shida mjini Moshi nazunguka barabara ya nyuma ili nisipite mbele ya ofisi ile ya uhamiaji, hata kama jua linawaka na nina mkungu wa ndizi kichwani.

Mimi nilizaliwa Karonga, Malawi. Elia, mume wangu, ni dereva wa lori, alikuwa akipita kwetu na mizigo yake, akapita, akapita, mwishowe akanibeba na mimi mpaka Mwika kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo katikati ya migomba na kahawa, nikiwa binti ambaye hata mtori wa ndizi sijawahi kuuonja. Nikakaa. Nimezaa hapo, nimejifunza kukata majani ya ng'ombe kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe anateleza, nimeimba kwaya (sauti ya pili, wakinikosa wanayumba), na baba mkwe alipofariki nililia kama watoto wake wa kuwazaa. Ila kwenye karatasi nilikuwa mgeni, na kila kibali changu cha kukaa kikikaribia kuisha nilikuwa nalala nacho chini ya mto.

Basi nikaomba uraia. Wakaniuliza maswali kijijini, wakaniuliza kata, wakaniuliza wilayani, mpaka majirani wakaulizwa tabia yangu (mmoja akasema napenda kuongea, sikubisha), na baada ya kusubiri mpaka nikasahau kusubiri, jibu likaja kwamba nimekubaliwa, zimebaki hatua za mwisho: niukane uraia wa kwetu, maana hapa huruhusiwi kushika mbili, halafu nile kiapo mbele ya hakimu, halafu nipewe cheti.

Hatua ya kuukana ndiyo iliyoniharibu akili. Nilirudisha pasipoti ya kwetu, nikatoka nje mikono ikiwa mitupu, nikampigia mama yangu simu Karonga. Akacheka, akasema, "Kwa hiyo sasa ukija kunitembelea unakuja kama mgeni?" Alicheka kweli, lakini nilimsikia akimeza mate. Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshatoka kwetu na kwa wenzangu sijaingia, nimesimama kizingitini mguu mmoja juu, na nilikuwa najiuliza, hivi leo wakighairi, nitarudishwa wapi? Karonga nimeshawakana. Watoto wangu ni Watanzania, baba yao Mtanzania, hata ng'ombe wetu ni wa Tanzania, mimi peke yangu ndiye si wa mtu.

Sasa Jumapili kabla ya kiapo, tukitoka kanisani, mwenzangu mmoja wa kwaya (Mungu amsamehe) akaniambia eti shemeji yake ana rafiki aliyerudishwa siku ileile ya kiapo kwa sababu afisa hakupenda sura yake tu. Nikamwambia hayo ni maneno ya watu. Lakini maneno yakaingia yakakaa.

Na hapo ndipo akili yangu ikanikumbusha isale. Wachagga wana jani hilo, refu, la kijani, wanalipanda mipakani na makaburini, na mtu akiwa amemkosea mwenzake analifunga fundo, analipeleka, na aliyekosewa hawezi kukataa. Nimeona kwa macho yangu. Shemeji yangu Abeli aliwahi kuuza ng'ombe wa baba mkwe bila ruhusa, mzee akaapa kwamba hataki kumwona mpaka kufa, Abeli akaja na isale mkononi, na mzee yuleyule akalipokea huku akitetemeka kwa hasira, na jioni wakanywa mbege kibuyu kimoja. Nikasema moyoni, isale halikataliwi. Afisa wa zamu alikuwa mzee mmoja Mchagga, afande Temu, aliyekuwa akipokea karatasi zangu siku zote bila hata kutabasamu. Nikilichomeka katikati ya karatasi akaliona, atanikataliaje?

Siku yenyewe asubuhi, mama mkwe akiwa ndani anajifunga kitenge chake cha umoja wa wanawake wa kanisani (Elia alikuwa safarini na lori, hivyo yeye ndiye aliyenisindikiza), nikazunguka nyuma ya nyumba. Masale ya mpakani yalikuwa yametafunwa na mbuzi. Nikaona yale ya kaburini kwa baba mkwe, mazuri, marefu, yanang'aa, na kwa kuwa niliona kwa serikali linafaa jani kubwa, nikachuma. Nikalifunga fundo kama nilivyomwona Abeli. Sikumwambia mtu.

Tulifika mapema, mama mkwe akabaki nje na chupa yake ya chai, nami nikaingizwa kwenye chumba chenye benchi, meza ya hakimu, na sisi waombaji tumekaa kama tunasubiri sindano. Jirani yangu wa benchi alikuwa mzee Saleh, fundi cherehani wa pale mjini, ambaye anasema babu yake alikuja na mzigo wa tende kutoka Uarabuni na tangu hapo karatasi za ukoo wao hazijawahi kukaa sawa. Tuliongea vizuri sana. Akanipa hata peremende, akaniita mwanangu.

Nikaitwa. Nikamkabidhi afande Temu bahasha huku jani nimelibana chini yake kwa kidole gumba, nikitaka alione yeye peke yake, kimyakimya, kama mtu anavyompa mwenzake salamu. Lakini jasho, jamani. Jani likateleza, likaburuzika juu ya meza, likaenda kusimama mbele ya hakimu na fundo lake juu.

Kulikuwa na afande mwingine, dada mrefu aliyehamishiwa Moshi juzi tu. Akaruka nyuma. "Hirizi! Mama kaweka hirizi mezani!"

Watu wakainuka, benchi likaanguka, mama mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu, na mzee Saleh, yule wa peremende, akanyoosha mikono juu. "Mimi na huyu mama tumekutana leo leo! Hata jina lake silijui!"

Hakimu, mama mtulivu mwenye miwani, akauliza kuna nini. Afande Temu alikuwa amevua kofia na kurudisha mikono yake nyuma kama anaogopa kuungua.

"Mheshimiwa, hii siyo hirizi," akasema. "Hii ni mbaya zaidi."

Hapo nikarudi nyuma hatua moja.

"Hili ni isale, mheshimiwa. Kwetu mtu haleti isale kama hajakosa. Na akilileta, siwezi kulikataa. Sasa huyu mama ameniletea mimi, nikiwa kazini, nimevaa nguo za serikali. Nikilipokea nimesamehe. Lakini nasamehe nini? Sijui!"

Jamani, nusu hiyo ya mila mimi sikuifikiria kabisa. Niliona tu kwamba jani linafungua mlango, sikukumbuka kwamba Abeli kabla ya kunywa ile mbege alisimama akasema kosa lake mbele ya ukoo mzima.

Hakimu akaniangalia juu ya miwani. "Mama, una kosa gani ambalo halimo kwenye maombi yako?"

"Sina, mheshimiwa."

"Hakuna isale la bure, mama," akasema afande Temu, safari hii kwa huzuni, na kumbe huzuni ya afisa inatisha kuliko ukali wake.

Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyoonekana nimeua mtu. Nikaona bora nitafute kosa dogo niwape, yaishe. Nikasema, "Nimekosa... nimechelewa."

"Umechelewa wapi? Wewe ndiye uliyetufungulia geti," akasema yule dada.

Karatasi zangu zikatolewa kwenye fungu la wenzangu, zikawekwa pembeni peke yake. Hakimu akasema kiapo changu kisimame, na kama sina maelezo, jalada lirudi juu likachunguzwe upya. Lirudi juu! Nikakalishwa kwenye kiti kona, nikawatazama wenzangu wanaitwa mmoja mmoja, wanainua mkono, wanaapa, wanapigiwa makofi. Mzee Saleh akaapa kwa sauti ya muadhini. Mimi nilikuwa nashindwa hata kulia. Nilifikiria lile swali la mama yangu, nikafikiria watoto wakirudi shule wakiambiwa mama yenu amezuiwa, nikafikiria kwamba nikifa pale kwenye kiti hawatajua waandike nini. Mtu kukosa nchi kwa sababu ya jani! Na jani lenyewe bado lilikuwa pale mezani, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Afande Temu akaja akainama. "Umekuja na nani?"

"Na mama mkwe. Yuko nje."

Nisingemtaja! Maana ndipo nilipokumbuka nilikolichuma.

Akaingia, kitenge kimenyooka, chupa ya chai kwapani. Afande Temu akampa shikamoo, akamweleza kwa Kichagga, mimi nikidaka neno moja moja. Mama mkwe akalitazama jani. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye jani. Akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie na mimi nisipate pa kujificha, "Umelichuma wapi?"

Ningeweza kusema mpakani. Ulimi ulikataa.

"Kwa baba," nikasema. "Kaburini."

Afande Temu akaguna. Hata hakimu, ambaye si wa huku, alielewa kwamba hilo si zuri.

"Ulimwomba nani?"

"Sikumwomba mtu, mama."

"Mimi mwenye kaburi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unajifunga kitenge."

Nilikuwa nimeshaona mambo mawili: serikali imenikataa na nyumbani nimefukuzwa, siku moja, chumba kimoja. Mama mkwe akaweka chupa yake ya chai chini, taratibu, akaenda mpaka mezani, akalichukua isale kwa mkono wake, akageukia watu wa serikali.

"Afande, isale hili halikuwa lako. Lilikuwa langu, limepotea njia. Huyu mkwe wangu kosa lake ni kuchuma isale la marehemu bila kuomba. Ndilo hilo, hana lingine, na mimi nimelipokea, nimemsamehe." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, kosa limepatikana na limeisha. Mwapisheni mtu, mimi nina ng'ombe nyumbani hajala."

Hakimu akafunika mdomo kwa mkono, akajifanya anakohoa. Kisha akasema hajawahi kusoma mahali kwamba kuchuma jani la familia kunazuia uraia. Afande Temu akavaa kofia yake, akashusha pumzi ya mtu aliyetua mzigo, akazirudisha karatasi zangu kwenye fungu. "Aika, mama," akamshukuru mama mkwe kwa Kichagga.

Nikaapa. Sauti ikatoka ndogo mpaka nikaambiwa nirudie, nikarudia kwa kelele kupita kiasi, yule dada akashtuka tena. Nikapewa cheti. Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa mzee Saleh. "Hongera mwanangu," akasema, "mimi nilijua tu!"

Mngedhani hofu iliishia hapo. Njia nzima kurudi Mwika mama mkwe alitazama dirishani tu, cheti kiko kwenye mkoba wangu na isale liko mkononi kwake, na mimi nilikuwa nawaza kwamba mbele ya watu alinisitiri, lakini nyumbani ndiko kwenye kesi. Tulipofika hakuingia ndani, hata ng'ombe hakumwangalia. Akaniambia, "Twende." Tukazunguka nyuma, mpaka kaburini. Akaliweka jani juu ya saruji na fundo lake vilevile, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye na mumewe hawakuwahi kuongea Kiswahili, kwa hiyo nikajua anataka na mimi nisikie:

"Baba Elia, huyu mkweo amechuma isale lako akawapelekea watu wa serikali. Alikuwa anaogopa watamfukuza. Mimi nimeshamsamehe, na wewe msamehe. Haendi popote."

Hapo ndipo nililia, nililia vibaya, mpaka akanipa ncha ya kitenge chake cha kanisani nifute kamasi, halafu akanituma majani ya ng'ombe.

Nimeapa kiapo cha pili, hicho hakina cheti: sitabeba tena mila ambayo naijua nusu. Siku hizi hata mchicha wa pembeni ya jiko sichumi kabla sijapaza sauti, "Mama, nichume?" naye anajibu kutoka ndani, majirani wote wasikie, "Chuma, Mtanzania!"